Kati ya Ubavu wa Meli na Gati

Usiku mmoja, nilipokuwa bado mwanafunzi katika chumba cha mitambo cha meli ya mizigo, king'ora cha mtambo wa kutenganisha mafuta na maji kililia mara nne ndani ya saa moja. Tangi la maji ya ngama, yaani maji machafu yanayojikusanya chini ya chumba cha mitambo, lilikuwa limekaribia kujaa, bandari tuliyokuwa tukiiendea ilikuwa bado siku tisa mbele, na mtambo uligoma kutoa hata tone nje ya meli kwa kuwa kihisi chake kilikuwa kikionyesha namba iliyozidi 15, yaani mafuta mengi kuliko yanayoruhusiwa. Injinia wa zamu aliutazama mtambo, akatazama saa ya ukutani, kisha akanionyesha bomba jembamba la maji baridi linalotumika kusafishia kihisi. "Kijana, fungua hicho kivali, robo tu, utaona kitakavyotulia." Nikafungua. King'ora kikanyamaza, namba kwenye kioo ikashuka hadi 3, pampu ikaanza kusukuma, nami nikajiona nimejifunza ufundi mpya.

Asubuhi nilimweleza injinia mkuu jambo lile kwa furaha ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Hakunisifu. Aliweka kikombe chake chini, akashuka ngazi pamoja nami, akaitia kufuli vali ya kutolea maji nje, na ndipo akanieleza nilichofanya: nilikuwa nimekinywesha kihisi maji safi, kikawa kinapima hayo badala ya maji ya ngama yaliyokuwa yakipita kwenye bomba kubwa kwenda baharini. Kisha akalifungua daftari la kumbukumbu za mafuta, akaenda kwenye herufi G, ambayo ni mahali pa kuandikia umwagaji wa bahati mbaya au usio wa kawaida, akaandika saa pampu ilipoanza na ilipozimwa, mahali meli ilipokuwa, kiasi alichokadiria na sababu yake, akatia sahihi. Injinia wa zamu alikuwa amesimama mlangoni. "Chifu, hiyo tutaijibu vipi bandarini?" akauliza. "Kama ilivyoandikwa," akajibu mkuu, na hakuongeza neno.

Nimetumikia meli nyingi tangu siku ile, na kila ninaposikia uchafuzi wa bahari ukizungumzwa nchi kavu, naona watu wakifikiria mambo mawili tu: ajali kubwa ya meli ya mafuta, au baharia mwenye roho mbaya anayetupa mfuko usiku wakati hakuna anayemwona. Yote mawili yapo. Lakini kwa niliyoyaona, sehemu kubwa ya uchafuzi unaotoka melini huamuliwa na watu waliochoka, wenye tangi lililojaa, wanaoelekea bandari ambayo wanajua haitapokea kilichomo tangini, au itakipokea kwa gharama ambayo ofisi haitaki kuisikia. Sheria iliyopo inatosha kwa kiasi kikubwa. Kinachopungua ni zile mita chache kati ya ubavu wa meli na gati.

Tuanze na ile namba 15, maana ndiyo moyo wa jambo lote la mafuta. Chini kabisa ya chumba cha mitambo hujikusanya maji yanayovuja kwenye pampu, jasho la mabomba, maji ya kuoshea sakafu, na matone ya mafuta yanayodondoka kutoka kila kiungo kilicholegea. Wahenga wa vyombo waliyaita maji ya ngama, na kazi ya kuyafua, yaani kuyakomba na kuyamwaga nje, ilikuwa ya kila siku hata kwenye chombo kidogo. Meli yenye ukubwa wa tani 400 za jumla au zaidi hairuhusiwi kuyamwaga mpaka yapite kwenye mtambo unaoyachuja hadi mafuta yasizidi sehemu 15 kwa milioni, na meli iwe safarini, si imetia nanga. Sehemu 15 kwa milioni ni kama kijiko kimoja cha mezani katika lita 1,000 za maji. Katika bahari ya Antaktika na katika maji ya Aktiki hata kijiko hicho hakiruhusiwi.

Kiwango hicho kimewekwa na mkataba wa MARPOL, uliopitishwa Novemba 1973 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, ukaongezewa itifaki mwaka 1978, na kuanza kutumika tarehe 2 Oktoba 1983. Chimbuko lake ni msiba. Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na ncha ya kusini magharibi ya Uingereza ikiwa na mafuta ghafi kiasi cha tani 120,000, na ikaonekana wazi kwamba hakuna nchi iliyokuwa na mpango wala sheria ya kukabiliana na jambo la ukubwa huo. Itifaki ya 1978 nayo ilifuata mfululizo wa ajali za meli za mafuta za miaka ya 1976 na 1977. Mkataba una viambatisho 6: mafuta, kemikali za maji zinazobebwa kwa wingi, bidhaa hatari zilizofungashwa, maji taka ya vyooni, takataka, na moshi.

Ni haki kusema kwamba upande wa ajali za meli za mafuta mkataba huo umezaa matunda. Katika miaka ya 1970 umwagikaji wa tani 7 au zaidi kutoka meli za mafuta ulitokea, kwa wastani, karibu mara 79 kwa mwaka. Katika miaka ya 2010 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi takriban mara 6. Baada ya Exxon Valdez kupasuka Alaska mwezi Machi 1989 na kumwaga tani zipatazo 37,000, ilikuja amri kwamba meli mpya za mafuta zijengwe kwa ngozi mbili, ili jiwe linapotoboa ya nje, ya ndani ibaki imeshika shehena. Hizo ni gharama kubwa za chuma, na wenye meli walilalamika sana, lakini zilifanya kazi kwa sababu chuma hakichoki na wala hakina haraka ya kufika bandarini. Mambo yanayomtegemea mtu wa zamu ya usiku ndiyo yaliyobaki kuwa magumu.

Rudi kwenye tangi letu lililojaa. Kwa nini kihisi kilikuwa kikikataa? Injinia mkuu alitufungulisha mtambo siku ile, tukakuta vichujio vyake viko salama. Kosa lilikuwa kwenye ndoo. Siku mbili kabla, mtu aliosha sakafu ya chumba cha mitambo kwa sabuni kali ya kukatia grisi, maji yakashuka kwenye ngama. Mtambo wa kutenganisha mafuta hutegemea ukweli mmoja rahisi, kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji na yakiachwa yatulie yatapanda juu. Sabuni kali huyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno, ikavivisha kila kimoja koti la sabuni, na vitone hivyo haviungani tena wala havipandi. Vinabaki vimeelea katikati ya maji yenye rangi ya maziwa, navyo hupita kwenye vichujio kama havipo. Hakuna ufundi wa kivali unaoweza kuyatibu maji hayo. Ilitubidi kuyahamishia tangi jingine, kuyapasha joto, kuyaacha yatulie siku kadhaa, na tulichobaki nacho kikapelekwa nchi kavu. Tangu hapo, kwenye kila meli ninayoingia, kitu cha kwanza ninachokagua ni kabati la sabuni. Wenzangu hucheka. Naomba mnisadiki kwamba kabati hilo linaeleza mengi kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.

Kuna uchafu mwingine ambao hauna namna ya kuchujwa ukaachiliwa, nao ni tope la mafuta. Mafuta mazito yanayoendesha meli kubwa huja na maji, mchanga laini na masizi, hivyo husafishwa kwa mashine zinazozunguka kwa kasi kabla ya kuingia kwenye injini, na kinachotengwa hapo huwa ni tope jeusi linalonata. Makadirio yanayotumika katika kupanga ukubwa wa matangi ni asilimia 1 hadi 1.5 ya mafuta mazito yanayotumika. Meli inayochoma tani 30 kwa siku, katika safari ya siku 20, itakuwa imechoma tani 600 na kutengeneza tope la tani 6 hadi 9. Tope hilo lina njia mbili halali tu: lichomwe melini, kwenye tanuri au boila iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, au likabidhiwe bandarini. Kwa hiyo mkaguzi anayeijua kazi yake hahitaji kumkamata mtu kwenye tendo. Huketi na daftari, huhesabu mafuta yaliyonunuliwa, huzidisha, kisha huuliza tope liko wapi. Kama daftari linasema tanuri lilichoma lita nyingi kuliko uwezo wake kwa saa zilizotajwa, au kama meli imezunguka miezi mitatu bila risiti ya bandari hata moja, maswali yanayofuata huwa mabaya.

Na hapa ndipo lilipozaliwa lile bomba ambalo mabaharia wa lugha zote wanalijua kwa jina la bomba la maajabu: kipande cha bomba cha kuunga na kufungua, kinachoruka mtambo wa kuchuja na kwenda moja kwa moja kwenye tundu la ubavuni. Likitumika, hufichwa, na flanji zake hupakwa rangi upya ili alama za spana zisionekane. Kesi inayojulikana zaidi ni ya meli ya abiria Caribbean Princess. Mwaka 2013 injinia aliyekuwa ameajiriwa hivi karibuni aligundua bomba la namna hiyo, akaacha kazi meli ilipofika Southampton na kutoa taarifa kwa mamlaka za Uingereza. Desemba 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali kukiri makosa mbele ya sheria ya Marekani na kulipa dola milioni 40, adhabu iliyokuwa kubwa kuliko zote za uchafuzi wa makusudi kutoka melini. Sheria ya Marekani humruhusu hakimu kumpa mtoa taarifa hadi nusu ya faini. Wako wenzangu wanaoiona sheria hiyo kuwa inawafanya watu kuwa wasaliti. Mimi siioni hivyo. Mtu anayetoa taarifa mara nyingi hupoteza kazi yake na huenda asipate nyingine, na si haki atembee mikono mitupu huku mwenye meli akiwa ameokoa gharama kwa miaka.

Nieleze kidogo kuhusu daftari lenyewe, kwa kuwa watu wa nchi kavu huliona kuwa makaratasi tu. Kila mara mafuta yanapohamishwa kutoka tangi moja hadi jingine, yanapochomwa, yanapochujwa au kukabidhiwa, ofisa aliyesimamia huandika na kutia sahihi, na nahodha hutia sahihi kila ukurasa uliojaa. Huwekwa melini kwa miaka 3 baada ya maandishi ya mwisho. Baharia anayejua kwamba mkono wake utasomwa miaka miwili baadaye, na mtu asiyemfahamu, katika nchi asiyoijua, huwa na sababu ya kufikiri kabla ya kufungua vali. Ndiyo maana kesi nyingi za mafuta mahakamani huwa za daftari la uongo: mafuta yameshapotea maili elfu moja nyuma, lakini sahihi ingalipo.

Takataka za kawaida zina historia tofauti, na mimi mwenyewe simo katika orodha ya watakatifu. Nilipoanza kazi, kanuni za wakati ule ziliruhusu chupa, makopo na karatasi kutoswa meli ikishavuka maili 12 kutoka nchi kavu, nami nimetosa chupa nyingi kwa idhini kamili ya sheria. Ukiitupa chupa tupu kwenye mkondo wa nyuma wa meli, huelea kwanza shingo ikiwa juu, hugugumia mara mbili tatu, kisha hushuka, na baharia hurudi ndani akiwa na hakika kwamba jambo limekwisha. Lugha yetu ina neno kutosa, na ndani ya neno hilo mna hali ya kitu kuzama na kutoonekana tena. Kwa kitu kilichotoka baharini neno hilo linafaa. Kwa kitu kilichotoka kiwandani halifai.

Tangu tarehe 1 Januari 2013 kanuni iligeuzwa juu chini. Zamani kila kitu kiliruhusiwa isipokuwa kilichokatazwa, na sasa kila kitu kimekatazwa isipokuwa vichache vilivyotajwa. Plastiki ilikuwa imekatazwa kila mahali tangu kiambatisho cha takataka cha MARPOL kilipoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1988; sasa chupa, vyuma, karatasi, matambara, mafuta ya kupikia na majivu ya tanuri navyo vimeingia kwenye katazo hilo. Kilichobaki kwa baharia wa kawaida ni mabaki ya chakula. Yakisagwa hadi yapite kwenye wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 25, yanaweza kumwagwa kuanzia maili 3 kutoka nchi kavu. Bila kusagwa, ni maili 12. Kwenye maeneo maalumu kama bahari ya Mediterania, Baltiki au Bahari ya Shamu masharti ni makali zaidi, na hata yaliyosagwa lazima yangoje maili 12.

Kanuni hiyo inasomeka vizuri kwenye bango. Jikoni ni jambo jingine. Chukua kopo la maharagwe: lina chuma, lina mabaki ya chakula, na lina utando wa plastiki kwa ndani. Chukua kipakiti cha majani ya chai, ambacho mara nyingi kimeungwa kwa uzi wa plastiki. Mabaki ya chakula yakichanganyika na plastiki, mchanganyiko wote huchukua sharti kali zaidi, yaani la plastiki, na ndoo nzima lazima irudi nchi kavu huku ikinuka kwa siku zote zilizobaki. Mpishi mmoja niliyesafiri naye alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: aliweka ndoo ya chakula juu ya kigoda, karibu na uso wa mtu, na ndoo ya plastiki chini sakafuni. Nilipomuuliza sababu, alisema mtu hutupa ovyo kwenye ndoo iliyo chini kwa kuwa haitazami, lakini hawezi kukosea kwenye kitu kilicho mbele ya pua yake. Kwa miezi sita tuliyokaa pamoja sikuwahi kuona kifuniko cha chupa kikiingia kwenye mashine yake ya kusagia.

Nimeona pia kwamba njia nzuri kuliko zote za kuondoa taka melini ni kutozipakia. Siku ya kupokea chakula, maboksi huja juu ya majukwaa ya mbao, yamezungushiwa karatasi ya nailoni mara kumi, na ndani ya kila boksi kuna mifuko mingine. Stiwadi mkuu wa meli moja alikuwa akisimama chini gatini na kisu, akivua nailoni yote na kumrudishia dereva wa gari lililoleta bidhaa kabla sanduku halijapanda. Madereva walinung'unika, lakini walizichukua, kwa kuwa gari lilikuwa linarudi tupu hata hivyo. Nusu saa ya kazi ile ilitupunguzia magunia ambayo yangetukalia nyuma ya meli kwa wiki tatu.

Taka moja ambayo karibu hakuna anayeiita taka ni rangi. Kwenye sitaha, kukwangua kutu na kupaka rangi ni kazi isiyokwisha, na vigae vya rangi kavu vina plastiki ndani yake. Upepo ukivuma wakati wa kukwangua, vyote huenda baharini kabla fagio halijafika. Sarahangi (msimamizi wa mabaharia wa sitaha) mwenye busara hutazama upepo, hutandika turubai, na huzuia matundu ya kutolea maji ya sitaha. Sarahangi mwenye haraka hufungua mpira wa maji akaisuuza sitaha ikang'aa. Vipande vya kamba za kufungia meli, zinazokatika nyuzi kila zinaposugua kwenye chuma, huenda njia hiyo hiyo. Sijaona mkaguzi akiuliza juu ya rangi, ingawa nimeona wengi wakihesabu magunia.

Mabaharia hupenda kujitetea kwamba plastiki nyingi iliyoko baharini imetoka nchi kavu, na katika hilo hawasemi uongo. Bahari iliko ndiko mito iendako. Lakini meli moja ina uwezo wa kufanya kwa siku moja kile ambacho mto hufanya kwa muda mrefu. Mwaka 2021 meli ya makontena X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo, Sri Lanka, na zaidi ya tani 1,600 za punje za plastiki, zile malighafi za kiwandani zenye ukubwa wa dengu, zilimwagika na kufunika fukwe. Ukizishika mkononi hazina harufu wala makali. Ndege na samaki huzila kwa kuzidhania mayai ya samaki.

Sasa nije bandarini. Mkataba hauwabani wenye meli peke yao. Kila nchi iliyouridhia imejifunga kuwa na vituo vya kupokea tope, maji machafu na takataka kutoka melini, vyenye uwezo wa kutosha na visivyochelewesha meli isivyo sababu. Meli hutuma taarifa mapema, kwa kawaida saa 24 kabla ya kufika, ikitaja aina za taka na ujazo wake, na inapokabidhi hupewa risiti. Ndivyo inavyoandikwa. Inavyotendeka, meli ya makontena inaweza kukaa gatini saa 14 tu. Wakala anajibu kwamba tishali la kupokelea tope linapaswa kuagizwa saa 48 kabla. Au lipo, lakini haliruhusiwi kukaa ubavuni wakati meli inapakia mafuta. Au linapatikana usiku, na malipo ya usiku ni mara mbili. Injinia mkuu huandikia ofisi, ofisi hujibu, "Subiri bandari inayofuata." Bandari inayofuata husema vilevile. Tangi halisubiri.

Na takataka zina masikitiko yake. Nimewahi kushusha magunia yaliyotengwa kwa rangi, plastiki peke yake, chuma peke yake, vifaa vya umeme peke yake, jasho la watu kumi na nane kwa wiki nne, halafu nikasimama kwenye ngazi na kutazama lori moja likiyapokea yote na kuyashindilia pamoja. Niliwaangalia vijana wa sitaha waliokuwa wameyabeba. Hawakusema kitu, lakini wiki iliyofuata ndoo zilikuwa zimeanza kuchanganyika, nami sikuwa na neno la kuwaambia. Upo udhuru mmoja wa kweli: nchi nyingi huamuru mabaki ya chakula kutoka meli za kigeni yachomwe au yachemshwe, kwa hofu ya magonjwa ya mifugo kama homa ya nguruwe ya Afrika, na hilo linaeleweka. Halielezi kwa nini chuma kisafi kishindiliwe na plastiki.

Kama ningeulizwa badiliko moja tu, ningechagua la malipo. Katika bandari nyingi meli hulipa kadiri inavyokabidhi, maana yake anayetosa baharini analipa sifuri na mwaminifu ndiye anayetozwa. Nchi za Baltiki ziliugeuza utaratibu huo tangu miaka ya 1990, na Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019, ukaamuru kwamba kila meli inayoingia ilipe ada ya taka pamoja na ada nyingine za bandari, iwe imeshusha au haijashusha, na kwamba takataka za kawaida zisitozwe malipo ya ziada hadi kufikia ujazo wa sehemu za kuhifadhia zilizo melini. Siku niliyoingia kwa mara ya kwanza bandari yenye utaratibu huo, nahodha ambaye kwa kawaida alikuwa akihesabu kila senti aliniita kwa simu na kuniuliza kama nina hakika kwamba nimeshusha kila kitu, kwa kuwa pesa imekwisha kulipwa. Sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo kabla. Tabia yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni hesabu.

Ipo pia fomu ya kulalamikia bandari isiyopokea taka, ambayo nahodha huijaza na kuipeleka kwa nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, nayo huifikisha IMO. Bado sijaona nahodha anayeipenda fomu hiyo. Mwezi ujao atarudi bandari ile ile, na atamhitaji rubani yule yule.

Mengine niyapitie kwa haraka. Maji taka ya vyooni yanaweza kumwagwa bila kutibiwa baada ya maili 12, meli ikiwa kwenye mwendo usiopungua maili 4 kwa saa, ili mkondo uyatawanye. Maji ya farumi, ambayo meli tupu huyabeba ili isiyumbe, ni hatari isiyo na harufu wala rangi: farumi ya mawe na mchanga ya vyombo vya kale haikuwa na viumbe wengi ndani yake, lakini maji yanayopakiwa bandari moja na kumwagwa nyingine hubeba mabuu, mwani na vijidudu vilivyo hai. Kiumbe mmoja laini wa baharini aitwaye Mnemiopsis, aliyepelekwa Bahari Nyeusi namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichangia kuangusha uvuvi wa dagaa wa huko. Mkataba wa kuyatibu maji hayo ulipitishwa mwaka 2004, na ukangoja hadi Septemba 2017 kuanza kutumika. Upande wa moshi, tangu Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli haipaswi kuzidi asilimia 0.50, kutoka 3.50 ya awali. Meli nyingi zilifunga mitambo ya kuosha moshi kwa maji ya bahari ili ziendelee kutumia mafuta ya bei nafuu, na aina iliyoenea zaidi huyarudisha maji hayo baharini pamoja na yalichokiosha. MARPOL inaruhusu. Kila ninapopita karibu na bomba lile la kutolea nakumbuka kivali changu cha robo.

Wiki iliyopita tishali lilifika ubavuni saa kumi alfajiri, saa tatu baada ya muda tulioahidiwa. Mpira uliunganishwa, matundu ya sitaha yakazibwa, kijana wetu akakaa na redio mkononi upande wa vali. Tulipima tangi kwa mkanda kabla na baada. Hesabu yangu ilikuwa mita za ujazo 8.2. Msimamizi wa tishali akaleta risiti iliyokwisha kupigwa muhuri, sehemu ya kiasi ikiwa wazi, akaniambia niandike chochote ninachotaka. Alikuwa mkarimu, na alikuwa amechoka kama mimi. Nilimwomba apande nami kwenye tangi lake, tukapima pamoja kwa taa ya mkononi, tukapata 7.9, naye akaandika hiyo kwa mkono wake. Nilipokuwa nikiinakili kwenye daftari, mwanafunzi wetu wa mitambo, mwenye wiki tatu melini, aliniuliza kwa nini nisiandike 8.2 niliyoipima mwenyewe. Nikamwonyesha pa kuandika zote mbili.